Jasho la Bibo: Wapikaji Wadogo wa Goa, Oaxaca na Mtwara mbele ya Uhaba

Ukipita Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi wa Novemba, pua hutangulia macho. Mabibo yameanguka chini ya mikorosho, mekundu na ya manjano, mengine yamepasuka, na harufu yake ni tamu yenye uchachu kwa mbali. Nyuki wameshawahi. Mkulima anainama, anaokota bibo, anaikonyoa korosho inayoning'inia kwenye ncha yake na kuitia kikapuni. Bibo lenyewe analiacha pale pale. Korosho itapelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, itapimwa, itaingia ghalani na kuuzwa mnadani. Bibo litakuwa limeoza kesho kutwa.

Piga hesabu uone. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Bibo huwa na uzito wa mara tano hadi kumi wa korosho yake. Tukishika kiwango cha chini kabisa, msimu ule mmoja ulizaa zaidi ya tani milioni moja na nusu za tunda lenye maji tele na sukari. Sehemu ndogo ilinywewa juisi, sehemu ikachachushwa kuwa uraka, sehemu ikapikwa kwa kificho kuwa gongo. Nyingi ililiwa na wadudu.

Wakati huo huo, wapikaji wadogo wa pombe kali duniani wanalia uhaba. Malighafi haipatikani, chupa zimepanda bei, kuni na gesi hazishikiki, kodi haishuki. Nataka kuwalinganisha wapikaji wa Goa kule India, wa Oaxaca kule Mexico, na wa kwetu kusini mwa Tanzania, nikichungulia kidogo Uskoti njiani. Hoja yangu ni hii: uhaba humfika kila mpikaji mdogo, ila anayetambuliwa na sheria hupata pa kushika, na asiyetambuliwa huangamia hata akiwa amezungukwa na neema.

Najua wasomaji wengi wa pwani hawagusi kileo kwa imani yao, na wengine wamezika ndugu kwa sababu ya kileo. Simwaliki mtu kunywa. Naandika juu ya kazi ya mikono, na juu ya watu ambao tumewaacha waifanye gizani.

Goa: bibo lenye hati

Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta Goa na pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na pamoja na mti wakatuachia maneno kama pipa na mvinyo. Neno jingine lilitangulia kutoka Uarabuni: araki, ambalo kwa asili maana yake ni jasho. Aliyewahi kukaa mbele ya mtambo anaielewa maana hiyo bila kamusi. Mvuke unapanda, unakutana na ubaridi, kisha unadondoka tone moja moja kama jasho kwenye paji la uso la mtu anayelima. Goa, pombe ya bibo iliyokenekwa mara ya kwanza inaitwa urrak. Mtwara, pombe ya bibo iliyochachuka inaitwa uraka. Siamini kwamba majina hayo yamefanana kwa bahati tu. Ni watu wa bahari moja, wenye mti mmoja.

Msimu wa Goa huanza mwishoni mwa Februari na kwisha Mei, kabla masika yao hayajapiga. Mpikaji wa jadi hachumi bibo mtini. Anangoja lianguke lenyewe, kwa sababu lililoanguka ndilo lililoiva kweli. Mabibo yanapondwa, zamani kwa miguu ndani ya shimo lililochongwa kwenye mwamba, na maji yake yanaachwa yachachuke siku chache. Yanapikwa kwenye chungu cha shaba juu ya moto wa kuni, ndani ya kibanda kinachoitwa bhatti. Urrak inayotoka haina ukali mkubwa, nayo hunywewa msimu huo huo. Ikichanganywa na maji ya bibo yaliyochachuka na kupikwa tena, inazaliwa feni yenyewe, yenye kilevi cha asilimia 42 au zaidi kidogo.

Uhaba wa Goa unaanzia mtini. Mvua ya nje ya msimu ikinyesha wakati wa maua, au joto likizidi, mikorosho haizai. Vilima vilivyokuwa mashamba vinauzwa kwa ajili ya nyumba na hoteli. Vijana wanaikimbilia kazi ya utalii au wanasafiri ughaibuni, na kuokota mabibo juani siku nzima kunabaki kazi ya wazee. Kwa feni inayopikwa kwa tembo la mnazi hali ni hiyo hiyo: wagema wamepungua, na mnazi usio na mgema hautoi tembo. Isitoshe, maeneo ya mikorosho hunadiwa na idara ya ushuru, hivyo mpikaji hutoa fedha kabla hajajua mwaka utakuja na nini. Msimu ukimtupa, fedha zimeshakwenda.

Hata hivyo mpikaji huyu ana kitu mkononi. Mwaka 2009 feni ya bibo ilisajiliwa kama bidhaa ya Goa, kwa hiyo jina lake lina ulinzi wa kisheria. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ikaitangaza kuwa kinywaji cha urithi. Kabla ya hapo iliwekwa kwenye daraja la pombe za kienyeji, na daraja hilo liliifungia milango ya majimbo mengine. Jina likilindwa, mwaka wa uhaba unabadilika sura. Bei inaweza kupanda na mnunuzi akaelewa sababu, kwa kuwa mtu wa mbali haruhusiwi kuziba pengo kwa spiriti ya bei rahisi na kuiita feni.

Oaxaca: mmea usioharakishwa

Msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa sana kuhusu maguey ya Mexico, maana mkonge ni ndugu yake wa damu. Ni majani yale yale yenye miiba, na desturi ile ile ya kutoa maua mara moja tu kisha kufa. Kutokana na kiini cha maguey, wanachokiita piña kwa kufanana na nanasi, watu wa Oaxaca hupika mezcal. Piña huchomwa siku kadhaa katika shimo lenye mawe ya moto, hupondwa kwa jiwe kubwa la duara linalovutwa na farasi, huchachuka katika mapipa ya mbao, kisha hukenekwa kwenye mitambo ya shaba. Katika kijiji cha Santa Catarina Minas bado wanatumia vyungu vya udongo.

Saa ya mmea huu ni ndefu. Espadín, jamii inayotumika zaidi, huchukua miaka sita hadi minane kukomaa. Tobalá hufika miaka kumi na zaidi. Tepeztate huweza kufika miaka 25, umri wa mtu mzima aliyekwishaoa. Mezcal ilipata ulinzi wa jina mwaka 1994, na baadaye dunia ikaipenda ghafla. Uzalishaji uliothibitishwa rasmi ulikuwa chini ya lita milioni moja mwaka 2011. Mwaka 2022 ulipita lita milioni 14. Soko lilikua zaidi ya mara 14 katika muda ambao mche mmoja wa tobalá ulikuwa ndiyo kwanza unakomaa.

Matokeo yake yalikuwa kupanda na kuporomoka. Somo lilikwisha kutolewa na jimbo la Jalisco, nyumbani kwa tequila. Desemba 1997 theluji ilianguka Guadalajara, magonjwa nayo yakashambulia mashamba, na baada ya miaka michache agave ya buluu, maguey ya tequila, ikaadimika. Malori ya Jalisco yakateremka mpaka Oaxaca kununua espadín. Mpikaji mdogo, aliyezoea kuchinja mmea wa shamba la jirani kwa maelewano, akajikuta anashindana na kiwanda chenye benki nyuma yake. Katika duru iliyofuata bei ya agave ya buluu ilifika zaidi ya peso 30 kwa kilo mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kila mtu akapanda. Ilipofika 2024 bei ilikuwa imeanguka chini ya peso 10, na wakulima waliokopa ili walime wakabaki na mashamba yasiyolipa hata gharama ya kuvuna. Bei inapopanda, mdogo hawezi kununua, na inapoanguka, mara nyingi ni yeye yeye mwenye shamba.

Ongeza kuni za mwaloni za kuchomea shimo na za kupikia, ambazo sasa zinafuatwa mbali. Ongeza kodi: Mexico hutoza pombe kali kodi maalumu ya asilimia 53, kisha VAT ya asilimia 16. Ongeza gharama ya kuthibitishwa, ambayo huwafanya wapikaji wengi waache neno mezcal na kuandika kwenye chupa kwamba ni kinywaji kilichokenekwa kutoka kwa agave. Babu zao walikuwa wakiiita mezcal kabla ya hati yoyote.

Lakini sheria yao ilifanya jambo moja la maana. Kanuni ya 2016 iliigawa mezcal katika madaraja matatu, na ikatambua la kisanaa na lile la mababu, lenye chungu cha udongo, kuwa tofauti na la kiwandani. Mpikaji wa Minas akimimina kinywaji kwenye kibuyu na kuyasoma mapovu yake, yale anayoyaita lulu, ili ajue ukali wake, ujuzi huo una mahali ndani ya sheria ya nchi. Anaweza kudai bei yake.

Uskoti: kungoja ni gharama

Uskoti nayo iliwahi kuwa nchi ya wapikaji wa kificho. Mitambo midogo ilijificha mabondeni na askari wa ushuru wakaiwinda. Sheria ya 1823 ilipunguza ushuru na kuruhusu mitambo midogo kwa leseni ya pauni 10 kwa mwaka, na mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni. Biashara iliyotoka kwenye giza hilo leo ni fahari ya taifa.

Viwanda vidogo vya huko vina shida zake. Wiski haiitwi wiski kabla ya kukaa miaka mitatu kwenye pipa la mwaloni, hivyo wengi hupika jini kwanza ili wapate cha kuuza wakingoja. Ushuru ulipanda kwa asilimia 10.1 Agosti 2023 na kufika pauni 31.64 kwa lita ya kilevi halisi. Kwa chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40, hizo zilikuwa karibu pauni 8.86 kabla ya VAT. Mabadiliko hayo hayo yalileta nafuu kwa wazalishaji wadogo, lakini kwa vinywaji vilivyo chini ya asilimia 8.5 tu, na pombe kali ikaachwa nje. Marekani ilifanya kinyume: tangu 2018 ushuru wa kila galoni ya kipimo chao kwa galoni 100,000 za mwanzo ulishushwa kutoka dola 13.50 hadi 2.70, na mwishoni mwa 2020 nafuu hiyo ikafanywa ya kudumu. Kumbe nafuu ya mdogo inawezekana serikali ikitaka.

Chupa, mlango mwembamba

Goa, Oaxaca, Uskoti na Afrika Mashariki wote hukutana mbele ya chupa. Tanuri la kioo hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi, usiku na mchana, kwa sababu likipoa linaharibika. Chakula chake ni gesi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 gesi ilipaa, na kiwanda cha chupa cha Vetropack kilichoko Gostomel, karibu na Kyiv, kikapigwa na kusimama. Mwenye oda kubwa alisukumwa mbele ya foleni. Mwenye oda ya chupa elfu mbili aliambiwa angoje, au achukue umbo lolote lililobaki.

Kwetu mlango huo ni mwembamba zaidi. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, na sababu zilikuwa nzito: vijana walikuwa wakiangamia kwa pombe ya bei ya andazi. Kenya, kwa sheria ya 2010, iliondoa marufuku ya chang'aa lakini ikataka leseni, viwango, na chombo kisichopungua mililita 250. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mama mwenye pipa moja nyuma ya nyumba hapati chupa kiwandani, maana kiwanda hakiuzi kwa dazeni. Kisheria amefunguliwa, kivitendo bado amefungiwa. Anabaki na dumu la plastiki na glasi ya kupimia.

Mtwara: neema iliyofungwa

Marufuku ya mtambo wetu yana historia ambayo wengi hatukufundishwa. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, madola ya kigeni yalitia saini mkataba juu ya biashara ya pombe Afrika. Ulikataza kutengeneza kinywaji chochote cha kukenekwa katika sehemu kubwa ya bara hili. Karibu miaka mia baada ya Uskoti kumpa mpikaji wake mdogo leseni, wa kwetu alinyang'anywa mtambo kwa kalamu iliyoshikwa mbali. Baada ya uhuru Tanzania ilitunga Sheria ya Moshi (yaani gongo) ya 1966, iliyotaka leseni kwa upishi na ukenekaji, lakini hiyo leseni haikuwahi kumfikia mpikaji wa kijijini. Kwake gongo iliendelea kuwa jambo la kukimbiza mapipa porini.

Hapa ndipo gharama inapogeuka kuwa mauti. Bibo lenyewe, likichachushwa na kupikwa kwa uangalifu, si kisababishi cha misiba tunayoisoma magazetini. Misiba mikubwa huja pale mtu anapochanganya methanoli ya viwandani ili aongeze ujazo kwa fedha kidogo. Kishawishi cha kufanya hivyo hukua kila malighafi inapopanda bei. Nchini Kenya viwanda vya sukari vya magharibi viliamriwa kusimamisha usagaji katikati ya 2023 kwa sababu miwa iliyokomaa ilikwisha, na molasi ya kupikia chang'aa hutoka kwenye miwa hiyo hiyo. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai huko Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe ya sumu, na wengine wakapoteza macho.

Mpikaji wa kijijini huijaribu gongo kwa kiberiti. Anamimina kidogo kwenye kifuniko, anawasha, anatazama mwali wa buluu. Mwali unamwambia kwamba kilevi kipo. Haumwambii ni kilevi gani, maana methanoli nayo huwaka buluu. Kwa Goa au Oaxaca mwenye hati anaweza kupeleka sampuli maabara na kurudi na karatasi. Wa kwetu akipeleka sampuli, amejipeleka polisi.

Tunachojifunza

Tukiziweka saa hizi pamoja, tunaona jambo. Bibo lina siku moja au mbili. Wiski ina miaka mitatu. Maguey ina miaka saba, kumi, ishirini na tano. Kwa mwenye maguey, uhaba ni wa muda: hana wa kumkopesha miaka ile ya kungoja. Kwa mwenye bibo wa Goa, uhaba ni wa tunda na mikono ya kuliokota. Kwa mwenye bibo wa Mtwara, tunda limejaa hadi linakera, mikono ipo, ujuzi upo. Kilichoadimika ni leseni inayomfaa, chupa anayoimudu, na maabara asiyoiogopa. Uhaba huo wa tatu haukuletwa na mvua wala jua. Tuliutengeneza sisi, na tunaweza kuuondoa.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Chama cha msingi kinachopokea korosho kipo karibu kila kata, kina mizani, vitabu na viongozi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikiwafundisha wakulima kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa bibo. Hizo ziwe njia ya kwanza, kwa kuwa kila mtu anaweza kuzitumia, mnywaji na asiyekunywa. Kwa wale wanaopika hata hivyo, na watapika hata tukikataa, chama kiwe na mtambo mmoja wa shaba wa pamoja, msimamizi aliyesomea, na kila pipa lipimwe kabla ya kuuzwa.

Na chupa? Sisi ni watu wa kreti. Tangu utotoni tumetumwa dukani kununua soda, na mwenye duka hakutoa chupa bila chupa. Umbo moja la chupa kwa wapikaji wote wa mkoa, inayorudishwa, kuoshwa na kujazwa tena, litaipunguzia oda yetu utegemezi wa gesi ya Ulaya, na vyama vikiagiza kwa pamoja kiwanda kitavisikiliza.

Naziomba serikali za Tanzania na Kenya ziutazame mtambo mdogo kwa macho ya mwaka 1823, ziachane na macho ya 1919. Zianze na wilaya moja ya korosho, msimu mmoja, kwa leseni ya bei ambayo mama mwenye pipa moja anaimudu, na adhabu kali kwa yeyote atakayetia methanoli. Kisha zihesabu waliougua na waliopona, zikilinganisha na mwaka uliotangulia. Mabibo yataanguka tena Oktoba, tuwe tumeamua au hatujaamua.